Mzee Laleni Nje

Msomaji wangu, nimechoka kuandika tanzia. Hii ilinikuta sokoni nikichagua karoti za Mgeta: jirani yangu wa Kilakala, yule mwalimu mstaafu wa fizikia mwenye antena ya ajabu juu ya paa, amefariki. Nilirudi nyumbani, nikakaa nikiitazama antena ile. Kwa muda mrefu mtaa uliamini ni ya kunasia mpira bila kulipia king'amuzi, na siku za mechi kubwa watu walimpigia hodi. Aliwakaribisha vizuri, akawaonyesha mistari inayopanda na kushuka kwenye kompyuta, nao wakaondoka wamenuna.

Mistari ile ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu astaafu. Ishara za setilaiti, zile zile zinazoiambia simu yako uko wapi, hupita kwenye tabaka la juu sana la anga lenye chembe za umeme, na huko hucheleweshwa kidogo; antena ilizinasa, na mistari ikaonyesha ucheleweshaji huo. Tabaka likivurugika, mistari nayo huchafuka. Wapo wanasayansi wanaosema miamba ikibanwa kabla ya tetemeko, mvurugiko huonekana huko juu, na wapo wanaobisha. Yeye alitaka kujionea, kwa kuwa dada yake aliishi Mgeta, milimani Uluguru, katika nyumba ya matofali ya udongo iliyong'ang'ania mteremko, na alimpenda dada huyo kuliko alivyotaka tujue.

Siku moja mistari ikachafuka. Akampigia dada yake kwa siri, akamwomba alale nje. Siri gani hiyo? Dada alikuwa njiani kwenda kwenye sala za jumuiya, akawaambia wenzake, na kufikia magharibi mteremko mzima ulikuwa umetandika mikeka kando ya matuta ya kabichi. Tetemeko halikuja, ilikuja mvua, na baridi ya Uluguru mnaijua. Baadaye aligundua kuwa ni dhoruba ya jua, yaani chembe za umeme zinazorushwa na jua, iliyolivuruga lile tabaka, ambalo kwetu huku karibu na ikweta huweza kuchafuka lenyewe jua likishazama. Alipopanda kwenda kuomba radhi, watoto walimwita Mzee Laleni Nje, na jina hilo halikumtoka tena.

Ndiyo maana mistari ilipochafuka mara nyingine, alinyamaza. Safari hiyo ardhi ilitikisika kweli. Ilikuwa kidogo tu, lakini ukuta wa jiko la dada yake ulianguka, na ni Mungu tu kwamba alikuwa shambani. Nilimsindikiza kwenda kutoa pole. Dada mtu hakufoka.

"Kaka, uliona?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwa sababu hata leo sijui kama nilichokiona ndicho kilichokuja."

Dada akaenda kuchemsha chai. Tukiwa njiani kurudi, nilimwambia kuwa mwingine angejitangaza nabii. Akanijibu kwamba anaogopa kuwalaza watu kwenye baridi bure, na anaogopa kuwaacha wafukiwe ndani, na kati ya hofu hizo mbili usingizi umemhama. Nchi imejaa watu wenye uhakika: wa dawa, wa utajiri, wa kesho yako, wote na vipaza sauti vyao. Anayesema "bado sijui" tunamcheka, kisha tunalalamika kwamba hatuambiwi ukweli. Inachosha.

Tulimzika kwao Mgeta. Watani wake, kama ilivyo desturi, hawakumwacha aende hivi hivi. Mmoja alivaa miwani, akainua ungo kuelekea mawinguni, akatangaza kwamba ameona dalili, wafiwa tulale nje. Tulicheka huku tukilia. Jioni nyumba haikututosha, hivyo tukatandika mikeka na maturubai uani, wengine hadi kwenye matuta. Dada yake alisimama mlangoni akatutazama.

"Leo mmelala nje wote," alisema, "na hakuna anayemlaumu."

Nililala pale na baridi ikinitafuna, nikiwaza, laiti tungekuwa na subira naye alipokuwa hai. Mtu anayekuambia wazi pale asipojua, mtunze, maana siku atakapokuambia toka nje, utatoka bila kuuliza. Jirani yangu hakuifikia siku hiyo. Antena bado iko juu ya paa, na mistari haina wa kuitazama.