Simu Ambayo Gerishon Anaomba Ilie

Saa mbili asubuhi, katikati ya mji wa Eldoret, Gerishon Mbuthia anaweka kikombe cha chai chini na kuipigia zahanati moja ndogo karibu na Moi's Bridge. Anangoja, macho kayafumba.

"Imelia, Mzee," anajibu muuguzi Zeinab. "Lakini mke wa mtu hapigiwi simu kila asubuhi."

"Mwambie bwanako atulie. Mimi nachumbia simu tu."

Wanacheka. Kisha kicheko kinakatika, maana wote wawili wanakumbuka siku ambayo Zeinab alipiga na simu ya huku Eldoret haikulia.

Gerishon, 49, ni fundi wa simu za intaneti katika kituo hiki cha ambulensi za akina mama. Shule aliiachia darasa la saba. Miaka mitatu iliyopita mkewe, Eddah, alivuja damu baada ya kujifungua katika zahanati hiyo. Mvua ilikuwa imezima mtandao wa simu za mkononi. Zeinab akapiga ya mezani, inayopitia intaneti, akapiga tena, akapiga tena. Gerishon alikuwa ameketi hapa hapa, kando ya simu inayopigiwa. Kimya.

"Nilikuwa nakunywa chai," anasema. "Kumbe mke wangu ananiita."

Kabla ya simu ya intaneti kulia, kuna ujumbe unaotangulia kubisha hodi: nani anapiga, anamtafuta nani, wataongea kwa njia gani. Ukiwa mfupi, unapita mzima. Ukiwa mrefu kupita kiasi, unakatwa vipande. Kimoja kikipotea njiani, vilivyobaki vinatupwa, na upande wa pili hakuna anayejua kwamba aliitwa.

Nani aliurefusha? Wakubwa wa huduma hii. Waliamuru kila hodi ibebe jina lote la zahanati, idara, vyeo vyao, na maelezo marefu ya simu za video. Ni kama mazishi yetu, waheshimiwa wote watambuliwe kwanza ndipo marehemu atajwe. Simu zenyewe za video hazijanunuliwa hadi leo.

Aliyegundua kosa ni injinia Najma, Eddah akiwa tayari kaburini. Akaipunguza hodi ya zahanati ile. Ikibidi kurefuka, akaipa njia nyingine, ambayo kipande kisipopokelewa kinatumwa upya. Zahanati nyingine bado zinangoja idhini.

"Mkubwa mmoja aliuliza mkutanoni, cheo chake kikiondolewa, watu watajuaje hii ni kazi yake," anasimulia Najma. "Mzee Gerishon akasimama, akamwambia, 'Mimi najua ni kazi yako.'"

Tukiwa bado tunaongea, simu inalia. Gerishon anairukia, chai inamwagika.

"Mzee, sasa sichezi," ni Zeinab. "Kuna mama hapa, Nanyama. Damu haikatiki."

"Lusweti!" Gerishon anamwita dereva. "Moi's Bridge! Kimbia!" Kisha, kwa sauti ya chini kwenye simu: "Mshike mkono, Zeinab. Mwambie tumesikia."

Jioni habari inafika: Nanyama ameongezewa damu hospitalini, mtoto ananyonya. Gerishon anageukia ukuta, anajipangusa uso kwa kofia yake.

Anachotaka sasa ni idhini ya zahanati zilizobaki, na hataacha kuwagongea wakubwa mlango. Bintiye Waithira, yule aliyezaliwa siku ile, humpitia kituoni pamoja na shangazi yake.

"Natamani siku moja aje hapa azibe masikio," anasema, akiipangusa chai iliyokaukia kwenye simu. "Aniambie, 'Baba, hizi simu zenu zina kelele!'"