Vidonge vya Kumwona Mgonjwa

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani Kitale kungoja kazi, na kwa kuwa kazi haikuja, nilipata nafasi ya kutosha ya kuhofia afya ya nyanya. Alikuwa ameanza kupepesuka kila akiinuka kitini. Siku moja akaanguka jikoni, sufuria ya mboga ikamfuata. Nilikimbilia saiba mjini, nikasoma mtandaoni hadi nikawa na hakika kwamba ana uvimbe kwenye ubongo. Kufikia jioni nilikuwa nimeshamchagulia nyimbo za mazishi.

Shangazi aliyeolewa Bungoma akasema tumpeleke kwa daktari wa huko. Rafiki wa nyanya, wa kikundi cha akina mama kanisani, ambaye hapitwi na safari, akaja nasi.

"Mama, unakunywa dawa gani?" daktari akamuuliza nyanya.

"Ya presha tu. Asubuhi."

"Hakuna ingine?"

"Hakuna."

Daktari alikuwa tayari anaandika apigwe picha ya kichwa, nami natikisa changu kwa huzuni ya mjuzi, rafiki alipokohoa.

"Na ile yangu nyeupe? Si ulisema imekusaidia?"

"Hiyo si dawa," nyanya akamjibu. "Hiyo uliniletea."

Ndipo mambo yakajulikana. Kikundi chao kikienda kumwona mgonjwa hubeba sukari, mkate, na vidonge vilivyowahi kumsaidia kila mmoja, vimefungwa kwenye karatasi. Kuvikataa ni kama kumrudishia mgeni mkate wake. Nyanya, kwa adabu zake, alimeza. Vya rafiki navyo vilikuwa vya presha. Vikijumlishwa na vyake, vilimshusha presha mno, na kwa umri wake mwili haukuweza kujirekebisha haraka akisimama. Mimi niliyeishi naye nilikuwa nimekagua chumvi, viatu na hata mteremko wa sakafu.

Daktari akampiga marufuku kumeza kidonge cha mtu mwingine. Jumapili rafiki akaja na sukari na karatasi nyingine.

"Hii ni ya usingizi tu, mama. Haina shida."

"Rudi nayo."

"Ati nirudi nayo? Sasa mimi ndio naua watu?"

"Sukari nitachukua. Lakini nikianguka tena, ni wewe utanipikia?"

Rafiki akanuna, akamaliza chai yote, akaaga. Nyanya akainuka kumsindikiza. Akatulia kwanza, mkono mezani, kama daktari alivyomfundisha, kisha akatembea wima hadi langoni. Nilimfuata nimetanua mikono kama mtu anayeingiza kuku kibandani.

Rafiki akageuka, akaniona, akaangua kicheko.

"Na huyu, mnampatia dawa gani?"