Siku Susu Alipochechemea

Juzi nilipita Kajiado nikakuta ile zahanati ya masista imebomolewa, pamebaki kiwanja kitupu na mbuzi wa watu. Woi, rafiki yangu, nilisimama pale nimeshika mdomo. Pale ndipo mguu wangu ulipozungumziwa, nikiwa mtoto, kwa lugha ambazo sikujua hata kama ziko duniani.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa Kitengela, pundamilia bado wakija kulisha karibu na maharagwe yetu. Nilidungwa na mwiba wa mgunga nikitafuta kuni. Goti likafura kama papai, nikawa siguswi hata na leso. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, akanipeleka Kajiado pamoja na mwalimu wetu, kwa sababu mwalimu alijua Kizungu.

Jamani, mambo niliyoyasikia! Daktari mgeni alisema kwa Kifaransa, "jambe." Sista mzee, Mwitaliano, akajinong'onea "gamba, gamba," kisha akamwambia mwalimu "leg." Mwalimu akamwambia Susu "mguu." Nami nimelala na homa yangu, nashangaa: mguu mwembamba hivi, na majina yote hayo! Daktari akauliza jambo refu. Lilipotufikia, mwalimu alikuwa anakuna kichwa. "Anauliza kama mtoto anasikia siafu mguuni."

Susu akafunua leso haraka. "Siafu waingie wapi na nimemwogesha asubuhi?"

Kumbe kwao mguu ukifa ganzi husemwa una siafu.

Kicheko hakikudumu. Daktari alikuwa anaangalia goti tu, na maneno yakatufikia kwamba huenda mguu ukakatwa. Susu akaeleza mwiba ulivyoingia kwa nyuma, na nilivyotembea kabla goti halijafura. Mwalimu akajaribu, Kizungu kikamwishia. Sista akatikisa kichwa, hajaelewa.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo Susu hakulifanyia mchezo. Ugonjwa wa mwenzako huuonyeshi kwenye mwili wako, na anavyochechemea huigi. "Utakuhamia," alisema, na aliyethubutu alichapwa.

Siku hiyo aliinuka. Akashika shavu la mguu wake mwenyewe, akavuka chumba kizima akichechemea, kisigino juu, akiugua kama nilivyokuwa naugua mimi. Mimi nilijua anajiitia nini. Daktari akaacha goti, akanigeuza, akabonyeza pale pale. Nduru niliyopiga nafikiri ilisikika hadi sokoni! Mwiba ulitolewa hapo, mweusi, mrefu kuliko kidole changu. Mguu ukabaki wangu.

Siku hizi Kitengela ni ploti na maghorofa, pundamilia huwaoni. Masista walirudi kwao. Susu tulimzika Ukambani. Nikiwa msichana mkubwa niliwahi kumwuliza kama hakuogopa siku ile.

"Niliogopa sana," akasema, akiendelea kuchambua maharagwe. "Lakini miguu yangu ilikuwa imeshatembea. Yako ilikuwa bado."