Lenzi Iliyoingia Lakini Haikuona

Nilipomwambia muuzaji kwamba nataka kamera ya kusafiri nayo, alimgeukia binamu yangu akamuuliza, "Bro, kwani anasafiri wapi?"

Binamu yangu ni dereva wa lori. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, akanisindikiza mjini kwa sababu tulikuwa tumepanga kupitia sokoni baadaye kumnunulia mama viazi. Mambo ya kamera hayajui hata kidogo. Alimtazama yule muuzaji, akanitazama mimi, akasema, "Muulize mwenyewe. Anayenunua ni yeye."

Muuzaji akacheka kana kwamba amesimuliwa kichekesho. Kisha akatoa kamera kwenye kabati la kioo, akampa binamu yangu aishike.

Mpaka leo nikikumbuka ule mkono ulivyonipita, damu hunichemka.

Maana mimi sikuingia pale kubahatisha. Mimi ni karani ofisini, naishi mtaa wa Tassia gorofa ya nne, na kwa karibu mwaka mzima, kila nikishaosha vyombo vya jioni, nilikaa na simu nikisoma habari za kamera. Nilijua ninachotaka kama mtu anavyojua namba ya kiatu chake. Bodi ndogo, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya bei nafuu, hata kama imetumika, mradi isinivunje bega safarini. Lenzi ya kawaida inayokuja nayo, ya kupiga barabara, milima na watu wakiwa wamesimama pamoja. Halafu lenzi moja ya pili, ile fupi ya milimita hamsini ambayo tundu lake hufunguka sana, hata chumba chenye giza kikapigika bila taa ya kumulika. Basi. Ile ndefu ya kumvuta simba kutoka mbali sikuihitaji. Sikuwa naenda kupiga simba.

Nilikuwa naenda kumpiga mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mchonga vinyago huko Ukambani. Amechonga tangu kabla sijazaliwa. Sisi tuliokulia mjini, mtaa wa Mbotela, tulikuwa tukienda kwao Krismasi na kwenye mazishi tu, kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyewahi kusafiri kwa ajili ya kutazama. Mtu husafiri akiitwa. Basi mwaka huo mama alipata habari kwamba mtoto wa jicho amemwingia kaka yake macho yote mawili, na kwamba kanisa lao limemwomba achonge mimbari mpya, naye amekubali akisema hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho. Baada ya hapo atabaki na vitu vidogo ambavyo mikono inavijua bila kuona. Karakana yake ni kibanda cha mabati chenye mlango mmoja na dirisha la ukubwa wa gazeti. Ndiyo maana nilitaka lenzi ile.

Hayo yote nilimweleza muuzaji, kwa utulivu. Akaniletea mfuko mweusi uliojaa vitu: kistendi cha miguu mitatu kilichoyumba mezani, vioo viwili vya kubandika mbele ya lenzi, kitambaa, brashi.

"Siste, chukua hii yote kama kifurushi. Hii ndiyo huwa wanachukua wanaoanza."

"Sitaki kifurushi. Nataka bodi hii, lenzi yake, na ile hamsini."

Akaitafuta hamsini kwenye droo. Ilikuwa imetumika, lakini kioo chake kilikuwa safi, nzito kidogo mkononi. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi: "Itafanya kazi sawasawa na bodi hii?"

"Siste, inaingia fiti kabisa." Akaizungusha, ikalia *klik*. "Umeona? Imeingia."

Mimi nikaona. Nikalipa bei aliyotaja, akaniandikia risiti, na binamu yangu akakabidhiwa mfuko wangu kama bwana harusi. Sokoni nilimnyang'anya, nikauvaa mwenyewe hadi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilienda Ukambani. Njiani nilipiga picha kwa ile lenzi ya kawaida na zikatoka vizuri: mama mmoja anayepanga maembe, punda wanne na mitungi ya maji, mto wa mchanga mtupu. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilijiona mtu wa kusafiri.

Mjomba alinipokea mlangoni pa karakana, akanipapasa uso kwa vidole vyenye vumbi la jakaranda. "Umekonda," akasema. Mimbari ilikuwa imesimama katikati ya kibanda, imefika kiunoni mwangu, na kuizunguka alikuwa ameanza kuchonga matawi ya mzabibu. Alikuwa akikata kwa patasi huku kidole gumba cha mkono wa kushoto kikitangulia, kikisoma mti, kisha patasi inafuata. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi hivyo. Nikabadilisha lenzi, nikaiweka hamsini.

Nikabonyeza. Kimya. Kamera haikutafuta kitu, haikunguruma, haikufanya lolote. Picha ndani ya tundu la kutazamia ilikuwa ukungu. Nikazima, nikawasha. Nikaitoa lenzi, nikaipuliza, nikairudisha. *Klik*, imeingia. Na bado ukungu.

"Umeshapiga?" mjomba akauliza.

"Bado kidogo, mjomba."

Alikuwa ameinamia mimbari akiwa ametulia tuli, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Mgongo wake unamsumbua, nilimwona akiushika. Nikagundua kwamba naweza kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono, nikazungusha, nikapiga, nikazungusha, nikapiga. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, na jua la mlangoni likinimulika, kila picha ilionekana sawa. Nilipiga zaidi ya mia. Mjomba akasema sasa ameelewa kwa nini matajiri hawapigwi picha wakiwa kazini: kazi haiendi.

Nyumbani Tassia nilizifungua kwenye kompyuta niliyoazima ofisini. Ukuta wa mabati ulikuwa umetoka vizuri ajabu, hata misumari yake ungeihesabu. Mjomba na mikono yake na mimbari yake walikuwa moshi. Picha baada ya picha. Nilifika ya mwisho nikafunga kompyuta, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Nilimpigia simu muuzaji siku iliyofuata. Sitasahau jibu lake. "Siste, hiyo lenzi haina shida. Ni wewe hujazoea. Ungekuja na yule bro nimweleze, yeye atakuonyesha."

Yule bro! Mtu ambaye alikuwa ameishika kamera kama kuku mgonjwa!

Lakini ubaya wa maneno kama hayo ni kwamba yanaingia. Siku tatu nilijiuliza kama kweli ni mimi. Hatimaye nikaipeleka kamera Mbotela kwa mama mmoja mwenye studio, yule aliyetupiga picha za pasipoti sisi sote tuliokulia mtaani, na ambaye bado tunamwita anti ingawa sasa sisi wenyewe tuna watoto wanaotuita hivyo. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia la buluu. Harusi na mahafali amepiga hadi amechoka nayo.

Aliigeuza lenzi mara moja tu. "Hii ni ya zamani. Haina mota ndani."

"Maana yake nini, anti?"

"Maana yake inangoja mota ya kamera iizungushe. Kamera kubwa zina hiyo mota. Hizi ndogo za bei ya chini hazina. Kwa hiyo inaingia, inapiga, lakini haiwezi kujitafutia umbali ili picha iwe wazi. Unazungusha kwa mkono, tena gizani, na imefunguka hivi? Ukikosea unywele mmoja umeharibu." Akaniangalia. "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama itafanya kazi sawasawa."

"Akasema?"

"Akasema inaingia."

Anti aliiweka lenzi mezani polepole. "Huyo anajua anachofanya," akasema. "Na tutahakikisha."

Wazo lilikuwa lake. Jumamosi tulienda mjini pamoja. Mimi nilisimama nje ya mlango, karibu na muuza makava ya simu, na anti akaingia peke yake na kamera yangu shingoni, akijibeba kama mtu aliyekuja kununua duka. Nilimsikia akiomba betri. Kisha akasema, "Na nipe hamsini ya hii. Uko na zile za zamani?"

"Za zamani zipo, mama, lakini kwa bodi hiyo sikushauri," muuzaji akajibu, kwa sauti ya heshima ambayo mimi sikuwahi kupewa. "Hazina mota. Hazitafokasi zenyewe. Chukua hii mpya." Akamtajia bei.

Sikuwa nimejua ni kiasi gani nilitumaini kwamba yeye pia hajui. Mtu asiyejua unaweza kumfundisha. Huyu alijua, na mimi niliposimama mbele yake na swali langu, aliniangalia akaamua kwamba ukweli ni wa wengine.

Nikaingia. Dukani kulikuwa na wateja watano hivi, wengine ni wanafunzi wa chuo. Nikaiweka lenzi juu ya kioo cha kaunta, na risiti kando yake.

"Mbona mimi hukunishauri?"

Alinitambua. Akaonyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi.

"Nimeisoma," nikasema. "Sijauliza kuhusu karatasi. Nimeuliza kwa nini huyu mama umemwambia ukweli na mimi ukaniambia inaingia."

"Siste, usilete kelele hapa."

"Sijaanza kelele."

Na ni kweli sikuwa nimeanza. Nilivuta kile kiti kirefu cha wateja, nikakaa. Kila aliyeingia akitaka kamera nilimsalimu na kumwambia, bila kupandisha sauti, "Ukinunua lenzi hapa usiulize kama inaingia. Uliza kama ina mota." Msichana mmoja, aliyekuwa ameshatoa pochi, akairudisha mkobani. Wanafunzi wakaanza kucheka. Muuzaji akamwambia anti, "Mama, ongea na mtoto wako."

"Namsikiliza," anti akasema. "Anaongea vizuri."

Mwishowe akatoa ile hamsini yenye mota. Akasema basi niongeze kidogo kwa kuwa hiyo ni mpya zaidi. Anti akachukua risiti yangu, akaisoma, akamwonyesha. "Bei uliyomlipisha kwa ile lenzi ndiyo ya hii uliyonitajia mimi sasa hivi." Muuzaji akaisukuma lenzi upande wangu. Tuliijaribu palepale: nikamlenga yeye, nikabonyeza kidogo, lenzi ikanguruma kama mdudu, na uso wake ukajitokeza wazi, na hasira yake yote. Sikupiga. Sikutaka kumbeba kwenye kamera yangu.

Hakuomba msamaha. Tulipokuwa tukitoka nilimsikia akimwambia mmoja wa wale wanafunzi, "Wanawake wa siku hizi!" Nikataka kurudi. Anti akanishika mkono, akasema ana harusi saa nane.

Nilirudi Ukambani baada ya wiki tatu. Mimbari ilikuwa imeshamalizika na kupelekwa kanisani. Niliiona huko, imepakwa vanishi, ina kitambaa cheupe juu, na mizabibu yake inapendeza. Niliipiga picha. Lakini mimbari iliyokamilika si kile nilichokitaka. Nilitaka kile kidole gumba kikiongoza, na mti ukiwa bado haujakubali, na hicho kiliishia kwenye picha zaidi ya mia za ukuta wa mabati. Watu huniambia, si ulibadilishiwa lenzi, hasira ya nini tena? Hasira ni ya siku ile. Siku haibadilishwi kwenye kaunta.

Mjomba alikuwa akisugua vijiko kwa msasa. Safari hii hakusimama tuli. Alisema alishakaa kama sanamu mara moja na inatosha. Akaendelea na kazi, nami nikapiga, na picha zikatoka kali, hata vumbi kwenye kope zake. Nilipokuwa nikipiga nilimsimulia habari zote za muuzaji, tangu kamera kupewa binamu hadi kile kiti kirefu. Alicheka sana aliposikia maneno ya anti. Kisha akaniuliza, "Umemsamehe?"

Mjomba ni mzee wa kanisa, na nilijua jibu linalotarajiwa. Nilishindwa kulitoa.

"Hapana, mjomba."

Alipuliza vumbi kwenye kijiko, akakipapasa ukingo wake kwa kidole.

"Usiharakishe," akasema. "Nipe hicho kingine hapo."

Nikampa.