Kopo la Shaba la Bi Tumu

Kwa miaka mitano nilikuwa muonja chai, na aliyekaa nami hata kidogo alijua, kwa sababu nilimwambia. Kampuni yetu ya udalali wa chai ilikuwa mtaa wa Ganjoni. Kabla ya kila mnada tulipangiwa vikombe juu ya meza ndefu, nami nikipita navuta funda kwa kishindo, nalizungusha mdomoni, nalitema pipani, kisha nasogea kwenye kikombe kingine. Nilijiona mtu mkubwa. Jioni pale kivukoni Feri niliwatazama watu wakinywa chai ya kibandani, nikawaonea huruma, maskini, hawajui wanachokunywa. Mimi mwenyewe nyumbani nilikunywa maji. Chai ilikuwa imenitoka rohoni.

Mwaka wa tisini na nne nikampenda Mwanakuu, binti wa Mji wa Kale. Mjomba wangu Ngumbao akapeleka posa. Kwa desturi mposaji hubaki kwao akingoja majibu, lakini Bi Tumu, bibi aliyemlea Mwanakuu, alisema hatoi jibu mpaka amuone huyo muonja chai kwa macho yake. Neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Akikataa, basi.

Tulikwenda baada ya alasiri. Bi Tumu alikuwa amekaa kitandani anatafuna tambuu, na karibu na mguu wake lipo kopo la shaba la kutemea. Mwanakuu alikuwa nyuma ya pazia. Nilichokiona ni mkono wake tu, ukitoa sinia ya mahamri na chai ya maziwa, ya iliki na tangawizi.

Njiani mjomba alinionya, "Kingi, sema machache." Nikasema mengi. Nilimweleza Bi Tumu kwamba Wachina ndio walioanza kunywa chai, nao hunywa bila maziwa wala sukari. Nikampitisha kwa Wajapani, wanaoikoroga kwa kifagio cha mwanzi, na kwa Warusi na birika lao kubwa lenye makaa tumboni. Nikamfikisha Moroko kwenye majani ya nanaa. Nilipotua kwa Waingereza nilikuwa nimeshika kikombe, na mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Nikavuta funda kwa kishindo, nikalizungusha, nikainama, nikalitema ndani ya kopo la Bi Tumu.

Mjomba Ngumbao akaanza kuzitazama boriti za dari.

Hapo ilinipasa kuomba radhi. Nikajisifu. "Ndivyo tuonjavyo, Bibi. Kwa siku huonja mamia ya vikombe, wala simezi hata kimoja."

"Na hao Wachina wako, nao hutema?"

"La, Bibi. Humeza."

"Na Wazungu?"

"Humeza."

"Ni wewe tu."

"Ni mimi tu, Bibi."

Akatafuna kidogo. "Sasa nambia, mwanangu. Mtu aonjaye mamia asimeze hata kimoja, mimi nimpe mjukuu wangu, kisha iwe nini?"

Mimi niliyezunguka dunia nzima kwa mdomo nikabaki kulitazama kopo. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona namkosa Mwanakuu hivi hivi, kwa funda moja, na nilimpenda kweli.

Pazia likatikisika. Ule mkono ukatoka na kikombe kingine, kimejaa pomoni, kinafuka moshi. Nikakipokea, nikanywa. Sikuvuta kwa kishindo wala sikuzungusha, nilimeza tu, na ulimi wangu niliokuwa nikiringa nao ukaungua hadi machozi yakanitoka. Nilipofika kwenye machicha ya tangawizi, nikayameza nayo.

"Ikoje?" akauliza Bi Tumu.

Kazini nilikuwa na maneno chungu nzima ya kuisifu chai na ya kuiponda. Hata moja halikuja.

"Tamu," nikasema.

Bi Tumu akanitazama, akakitazama kikombe kitupu. "Haya. Mpeni kingine," akasema, na kwa mguu akalisukuma lile kopo taratibu mpaka likaingia mvunguni.

Sasa ni mwaka wa nne tangu tuoane. Chai ya Mwanakuu naimeza kila asubuhi. Lakini tukienda kumwamkia bibi yake, nikishapiga hodi, husikia kwanza shaba ikikwaruza sakafu kuelekea mvunguni, ndipo niambiwe karibu.