Mapipa ya Prokhor

Klavdia Yegorovna alipasua samaki kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu na vidole visivyokunjika sawasawa. Vuli ile ufuko wa kijiji chao ulipojaa kaa waliokufa na sili, wanyama wa bahari ya baridi, wenye macho meupe, ikaja meli ndogo ya utafiti kutoka Vladivostok. Mkuu wa msafara, Inga Rustamovna, alitafuta watu wa kujitolea kuchota maji na kuokota mizoga. Klavdia alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

“Unajua kuogelea, mama?” aliuliza Maksim, mzamiaji wa msafara.

“Sijui. Ila nikianguka nitaelea tu, we huoni nilivyonona?”

Maksim alicheka, na tangu hapo akamwita shangazi Klava. Siku mbili walifanya kazi pamoja, yeye akizamia, Klavdia akijaza chupa na kuzibandika namba, harufu ya uvundo imewaganda hadi kwenye mkate.

Jumatano wavu uliokuwa ukiburutwa chini ulileta kipande cha pipa. Kilikuwa kimeliwa na kutu, lakini rangi ilionekana bado: kijani, na mstari mweupe.

Klavdia aliitambua rangi ile. Mapipa ya namna hiyo yalikuwa ya karakana ya meli alikofanya kazi marehemu mumewe, Prokhor. Kiangazi kimoja, zamani, Prokhor alikuwa akitoka kila alfajiri na boti iliyosheheni mapipa, akirudi nayo tupu. “Nimeambiwa nitupe, nimetupa,” alimwambia mkewe. “Bahari yote hiyo, itayameza.” Hakuficha hata mahali: nyuma ya rasi, penye kina.

“Kuna anayelijua pipa hili?” Inga aliuliza.

Wanakijiji watatu waliokuwemo melini walitazamana. Klavdia aliinama, akaendelea kuandika namba zake. Prokhor alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Hakutaka jina lake ligeuzwe tusi madukani. Nitasema kesho, alijiambia.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa bado anamenya viazi jikoni mwa meli, meli ilizunguka rasi na Maksim akazama kupapasa chini. Klavdia alipanda sitahani mbio aliposikia kelele. Pipa lilikuwa limepasuka mkononi mwa kijana, sumu yake ikapenya hadi usoni. Walimvuta juu, wakamvua kinyago cha kuzamia. Uso ulikuwa umevimba, ngozi ya shavu ikibanduka.

“Mwagieni maji! Maji safi!” Inga alipiga kelele.

Klavdia alimmwagia ndoo baada ya ndoo huku akilia. “Yako mengine,” alisema. “Chini yetu hapa, mengi. Mume wangu ndiye aliyeyatupa.”

Walihesabu mapipa arobaini na sita. Uvuvi ukapigwa marufuku ghuba nzima, na mapipa yakaachwa humo humo yangojee kibali cha kuopolewa. Stepan, jirani mvuvi wa kaa, alimsimamisha Klavdia mbele ya duka la mikate.

“Umetumaliza, Klavdia. Na Prokhor wa watu, hawezi hata kujitetea!”

“Nilimtetea siku moja, Stepan. Mtoto wa mwenzangu ameungua.”

Stepan alitema mate pembeni, akaenda zake. Baada ya hapo hakuna aliyemsalimu.

Mwezi wa Novemba alipanda basi kwenda hospitali ya mjini. Maksim alikuwa ameketi kitandani, bandeji imefunika jicho la kushoto ambalo madaktari walishakata tamaa nalo.

“Shangazi Klava,” alisema, akajaribu kutabasamu. “Inga anasema bila wewe tusingeyapata.”

Klavdia angeweza kuliacha neno hilo lipite. Aliweka chupa ya mchuzi wa kuku mezani, akaketi.

“Nililijua pipa lile tangu Jumatano,” alisema.

Maksim aligusa bandeji yake. “Mimi nilizama Alhamisi,” alisema.

“Najua, mwanangu.”

Kijana aligeukia ukutani. Klavdia alisubiri, koti lake likiwa bado mwilini, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia saa za wageni zimekwisha.