Kichwa Kilichosukwa Nusu

Nilifika Kashebere nusu ya kichwa changu ikiwa imesukwa na nusu nyingine ikiwa timutimu, na ile nusu ya timutimu ndiyo iliyonirudisha kwa mama.

Kashebere ilinuka mafuta ya mawese. Yalinuka kwenye madumu, kwenye matope ya barabara, hata kwenye blanketi nililofunikwa. Kwetu Karuba, katika vilima vya Masisi, nilizoea harufu ya ng'ombe na ya maharagwe yaliyoanikwa. Ulikuwa msimu wa mavuno. Baba na mama walikuwa wameachana, na wazee wakaamua nikae kwa mama hadi nimalize shule ya msingi. Baba hakukubali. Kwake, mahari ilishatolewa, basi mtoto ni wa baba. Asubuhi moja mama alikatiza kunisuka, akakimbia kuokoa maharagwe mvua ilipoanza kudondoka. Baba akatokea na pikipiki, akasema twende kununua mikate. Tulipita mikate, tukapita na Masisi yenyewe, tukaingia Walikale, hadi Kashebere alikofanyia biashara ya mafuta.

Hakunitesa. Alinipa kitanda, yeye akalala chini. Alijaribu hata kunichana, vidole vyake vizito vikisita kila nilipokunja uso. Mwishowe akanipeleka kwa Mama Riziki, msusi aliyekaa kando ya barabara wanakosimama madereva wa malori. Huyo alishika kichwa changu, akakigeuza huku na huku.

"Papa, nani alianza kusuka huyu mutoto?"

"Mama yake. Iko mugonjwa."

"Hapana," nikasema, "mama iko anavuna maharagwe."

Wanawake waliongoja zamu yao wakaangua kicheko. "Papa, ulimubeba kama kuku mwenye hawajamaliza kunyonyoa!"

Mama Riziki hakucheka. Alikuwa na desturi yake, na wasusi wengi wa huko waliifuata: kichwa alichokianza mama hakimaliziwi na mkono mwingine, isipokuwa mama huyo amefariki. Akamtazama baba. "Sema alikufa, nimalize sasa hivi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya baba iliishia hapo. Hakuweza kulisema neno hilo mbele yangu. Akaketi juu ya dumu, akainamisha kichwa. Mama Riziki akamwita dereva aliyekuwa anapandisha kuelekea Masisi, akampa ujumbe wa mdomo ampelekee mama kule Karuba.

Mama alipofika na kaka yake, hakumsalimu mtu. Aliketi kwenye kigoda cha msusi, akanibana katikati ya magoti, akaanza kusuka palepale, mbio mbio. "Dada, suka pole pole," Mama Riziki alimwambia. "Hakuna mwenye kukukimbiza." Baba alituletea chai. Sijawahi tena kulala usingizi mzito kama nilioulala siku ile tukirudi Karuba, nikiwa mgongoni mwa mama.

Siku hizi, hata vilimani kwetu watu wanajua kwamba mahari haimpi mtu haki ya kunyakua mtoto. Baba na mama wakigombana, hakimu ndiye hutazama mahali ambapo mtoto atakuwa salama. Lakini kujua ni jambo moja, na barabara ya kumfikia hakimu ni jambo lingine. Mara iko wazi, mara vita vimeifunga. Mama alimwendea hakimu mwaka uleule, akaomba mahakama ithibitishe kwamba mimi ni wa kukaa kwake. Kwenye faili waliniandika kama mtoto mdogo. Sasa nina watoto wangu, na mama bado hajaitwa mahakamani kusikilizwa.